Nikeli oksidi «safi» inanipa namba mpya kila siku, yenye lithiamu imetulia: naomba tulielewe jambo hili

FundiMaabara (Mbarara), mwanzisha uzi

Ndugu zangu wa fizikia na kemia, habari za kazi. Mimi ni fundi wa maabara hapa Mbarara, na kwa wiki tano sasa nimekuwa nikipima volteji inayozaliwa na tofauti ya joto katika oksidi za metali za mpito. Nilianza na nikeli oksidi kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Nitaeleza nilivyofanya ili atakayeona kosa anioneshe mahali lilipo.

Unga niliununua katika duka moja la kemikali mjini Kampala. Kopo limeandikwa usafi wa asilimia 99, lakini halisemi hiyo asilimia moja iliyobaki ni kitu gani, na muuzaji naye hakuweza kuniambia. Rangi yake ni kijani cha jani changa la mgomba. Sehemu moja niliishindilia katika kalibu ya milimita 13 nikapata vidonge vyenye unene wa milimita mbili, nikavichoma katika tanuru kwa nyuzi 1,200 kwa saa sita. Sehemu ya pili niliisaga kwanza pamoja na lithiamu kaboneti, kwa kadiri ya atomu tano za lithiamu katika kila atomu mia za metali, nikaichoma vivyo hivyo. Vidonge vya kundi la kwanza vilitoka vya kijani kilichofifia, isipokuwa kimoja kilichokuwa na kingo za kijivu. Vya lithiamu vilitoka vyeusi tititi.

Kila kidonge nilikibana kati ya vipande viwili vya shaba, kimoja nikikipasha kwa chuma cha kulehemu, kingine kikikaa juu ya bati baridi. Themokapo mbili (vipima joto vya nyaya) za aina ya K zilinionesha tofauti ya nyuzi 10. Waya mwekundu wa multimita niliuweka upande wa moto. Kidonge cheusi kilinipa milivolti 3 zenye alama ya kutoa, na namba hiyo ilisimama hapo hapo kwa nusu saa nzima. Kidonge cha kijani kilinipa kutoa 0.4, kesho yake kutoa 1.5, na nikisogeza mkono karibu na nyaya namba inaruka hata kuvuka sifuri. Nina maswali mawili yanayoninyima usingizi. Vitabu vyote vinasema nikeli oksidi ni semikondakta ya matundu, sasa mbona naona alama ya kutoa? Na inakuwaje kitu safi kiyumbe, ilhali kilichotiwa kitu kigeni kimetulia?

MwalimuGulu

Ndugu Fundi, umeeleza kazi yako kwa uangalifu, na hilo linarahisisha kukujibu.

Alama yako ni sahihi. Tundu ni nafasi iliyoachwa na elektroni, nayo hutembea kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya. Upande wa moto unapowaka, matundu husambaa kuelekea upande wa baridi, na huko baridini ndiko chaji chanya inakolundikana. Waya wako mwekundu ulikuwa upande wa moto, kwa hiyo alama ya kutoa ndiyo hasa inayotarajiwa. Kigezo cha Seebeck, ambacho kimepewa jina la Thomas Johann Seebeck aliyeliona jambo hili mwaka 1821, huandikwa kwa kugeuza alama hiyo: volteji ya moto kutoa ya baridi, gawa kwa tofauti ya halijoto, kisha geuza alama. Kidonge chako cheusi kina mikrovolti 300 chanya kwa kila kelvini. Shaba iliyokigusa inachangia chini ya mbili, kwa hiyo isikusumbue. Nimewaona wanafunzi wengi wakiiita oksidi ya matundu kuwa ya elektroni kwa sababu ya kutojua waya upi ulikuwa wapi.

Kuhusu kuyumba, nashuku multimita kabla ya kushuku kidonge. Multimita ya kawaida ya mkononi ina ukinzani wa ndani wa megaohmu 10. Nikeli oksidi iliyo karibu na uwiano kamili wa atomu moja ya nikeli kwa moja ya oksijeni ni kihami kikali, na kidonge cha kijani kinaweza kuwa na ukinzani unaoizidi hiyo multimita mara nyingi sana. Hapo sehemu kubwa ya volteji unayoitafuta inapotelea ndani ya kidonge chenyewe, na unachosoma ni mabaki pamoja na uchafu wa umeme wa chumbani. Ndiyo maana mkono wako unabadilisha namba. Tafuta rezista ya megaohmu 10 kwa fundi wa redio, uiunganishe sambamba na multimita. Usomaji wa kidonge cheusi hautatikisika. Ule wa kijani ukishuka hadi karibu nusu, jua kwamba ukinzani wake unaipita multimita kwa mbali, na kwamba namba zako zote za kidonge hicho hazina thamani.

FundiMaabara

Mwalimu, nimefanya ulivyosema. Cheusi: 3.0 kabla, 3.0 baada. Cha kijani nilikifunika kwanza kwa kopo la bati lililoungwa na waya wa ardhi ili namba itulie kidogo, nikapata 1.1, na baada ya kuweka rezista ikawa 0.6. Kile chenye kingo za kijivu kilishuka kidogo tu. Inaniuma kwamba nimejaza kurasa kumi na moja za daftari kwa namba za multimita, si za fuwele. Hata hivyo bado sijaelewa kwa nini lithiamu kidogo hivyo igeuze kihami kuwa kitu kinachopitisha umeme vizuri, na kwa nini kidonge kimoja kilichotoka tanuru lile lile kisifanane na wenzake.

MwalimuGulu

Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, kwa hiyo niruhusu niandike kwa kirefu.

Mwaka 1937 J. H. de Boer na E. J. W. Verwey walionesha kwamba, kwa hesabu ya wakati ule ya bendi za nishati (ngazi pana ambamo elektroni hutembea huru), nikeli oksidi ingepaswa kupitisha umeme kama metali, kwa sababu ioni yake ya nikeli ina elektroni nane za ganda la d na ganda hilo linabeba kumi. Lakini haipitishi. Mwanafizikia Nevill Mott alilishughulikia swali hilo kwa miaka mingi: elektroni za d zinasukumana kiasi kwamba kuipeleka moja kwa ioni jirani kunagharimu nishati kubwa, basi kila moja inabaki kwake. Fuwele kamili ya namna hiyo haina chaji ya kutembea, na kisichotembea hakiwezi kubeba volteji ya joto ambayo mtu anaweza kuipima kwa vifaa vya kawaida.

Sasa weka lithiamu. Ioni yake ina chaji moja chanya, nayo inakaa mahali pa nikeli yenye chaji mbili kwa sababu ukubwa wao unakaribiana. Ili jumla ya chaji isawazike, nikeli moja hulazimika kutoa elektroni ya ziada ikawa ya chaji tatu. Hilo ndilo tundu lako. Verwey na wenzake wa maabara ya Philips huko Eindhoven walichapisha mwaka 1950 njia hii ya kuamua valensi, yaani chaji ya ioni, kwa makusudi, na umuhimu wake ni kwamba wewe mwenye mizani ndiye unayepanga idadi ya matundu. Atomu tano za lithiamu, matundu matano.

Katika kidonge kinachoitwa safi hakuna aliyepanga. Nikeli oksidi inayochomwa hewani hunyonya oksijeni ya ziada na kubaki na mapengo mahali pa nikeli, na kila pengo moja huzaa matundu mawili. Idadi ya mapengo inaamuliwa na oksijeni iliyozunguka kidonge, halijoto yake, na mwendo wa kupoa. Ongeza hapo ile asilimia moja isiyojulikana ya kopo lako, ambayo ni kubwa kuliko idadi yoyote ya mapengo unayoweza kutarajia kwa nyuzi 1,200. Kingo za kijivu ni oksijeni ya ziada unayoiona kwa macho. Labda kidonge hicho kilikaa karibu na mlango wa tanuru. Kwa hiyo, ndugu yangu, mimi naamini neno «safi» ndilo linalotupotosha: kwa oksidi hizi, fuwele iliyodopuliwa, yaani iliyotiwa kitu kigeni, kwa kipimo ndiyo tunayoijua, na ile safi ndiyo tusiyoijua mpaka tutaje pia oksijeni iliyoizunguka.

Titani oksidi ya namna ya rutili huenda upande wa pili kabisa. Yenyewe hupoteza oksijeni inapochomwa mahali penye hewa haba, elektroni zinabaki nyuma, fuwele inageuka buluu hadi nyeusi, na kigezo chake cha Seebeck kinakuwa hasi.

Je, mikrovolti 300 zina maana gani? R. R. Heikes na W. D. Johnston waliandika mwaka 1957 kuhusu oksidi hizi hizi zilizotiwa lithiamu, na kanuni inayobeba jina la Heikes ni rahisi: chukua sehemu ya nafasi zisizo na tundu, gawa kwa sehemu zenye tundu, tafuta logi asilia, zidisha kwa mikrovolti 86.17. Kwa matundu 5 katika nafasi 100 unapata 254. Kwa matundu 3 unapata takriban 300. Chaji zikiongezeka kigezo kinapungua, kwa hiyo kidonge chako kinajieleza kana kwamba kina matundu matatu, si matano. Lithiamu huruka kama mvuke katika joto la nyuzi 1,200, na sishangai ikiwa sehemu yake imeondoka. Wakati mwingine zika kidonge ndani ya unga wenye mchanganyiko ule ule, ufunike chombo.

Mhandisi_Jinja

Mwalimu, kwa heshima zote, naona umeipa kanuni ya Heikes mzigo usioweza. Kanuni hiyo inachukulia kwamba tundu limefungwa kwenye ioni moja na linaruka kwenda jirani, na kwamba joto ni kubwa kiasi cha kufanya nafasi zote zifanane. Mwaka 1966 A. J. Bosman na C. Crevecoeur walipima nikeli oksidi yenye lithiamu na kuhitimisha kwamba matundu yake hayaruki, bali husafiri katika bendi. Isitoshe, katika halijoto ya chumba baadhi ya matundu hubaki yamenaswa karibu na lithiamu iliyoyazaa. Matundu matatu yanayotembea hayathibitishi kwamba lithiamu mbili zimeruka.

MwalimuGulu

Nakubali, na nashukuru kwa kunirekebisha. Hesabu yangu ichukuliwe kama kipimo cha ukubwa, si kama ungamo la kidonge. Lakini kuna njia ya kutofautisha mambo hayo mawili ambayo Fundi anaweza kuifanya kwa tanuru dogo. Apime upitishaji wa umeme na kigezo cha Seebeck vyote viwili katika halijoto mbalimbali. Chaji inapojikunja na kuzivuta ioni zilizoizunguka hadi inajinasa yenyewe, tunaiita polaroni ndogo, na T. Holstein aliieleza kinadharia mwaka 1959. Upitishaji wake hupanda na joto kwa sababu mbili: chaji zinaongezeka, na kila moja inahitaji nishati ili iruke. Kigezo cha Seebeck hujali idadi tu, hakijali kuruka. Kwa hiyo nishati inayosomwa katika upitishaji ikiizidi ile inayosomwa katika Seebeck, tofauti yao ndiyo gharama ya kuruka. Zikilingana, hoja ya Mhandisi ina nguvu.

Niongeze jambo moja linalomfaa mtu mwenye vidonge na asiye na fuwele moja kubwa. Mipaka ya chembe ndani ya kidonge huharibu sana kipimo cha ukinzani. Kigezo cha Seebeck hupimwa bila mkondo kupita, kwa hiyo mipaka hiyo hukigusa kidogo tu. Kwa nikeli oksidi, ambayo mpangilio wake ni sawa na wa chumvi ya mezani, kidonge kizuri kinatosha.

DadaKasese

Nimefuatilia uzi huu tangu jana. Mimi ninafundisha kemia sekondari, na nina maswali ya mtu anayetazama ardhi yetu. Muko, kule Rubanda, kuna hematiti, ambayo ni chuma oksidi. Kilembe hapa kwetu kulichimbwa shaba yenye kobalti tangu 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na tangu 1999 mabaki yake yalisafishwa mjini Kasese kwa kutumia bakteria ili kutoa kobalti. Je, mwanafunzi anaweza kuchukua jiwe la Muko, akalipasha upande mmoja, akapima?

MwalimuGulu

Dada, apashe na apime, lakini asilipe jiwe hilo jina la hematiti safi katika daftari. F. J. Morin wa Maabara za Bell alichapisha mwaka 1951 vipimo vya chuma oksidi hii ikiwa peke yake na ikiwa na titani, na titani kidogo tu ilitosha kuifanya ya elektroni yenye upitishaji mkubwa zaidi, kwa kuwa ioni ya titani yenye chaji nne hulazimisha chuma kimoja kupokea elektroni. Magnesi huivuta upande wa pili, iwe ya matundu. Jiwe la mlimani limebeba vyote ambavyo mlima ulikuwa navyo. Wanafunzi wako wapime vipande kumi, waandike alama tu, chanya au hasi, kisha waulize kwa nini vinatofautiana ikiwa vinatofautiana. Hilo ni somo kamili.

Kuhusu kobalti, umegusa mahali pazuri. Ichiro Terasaki na wenzake nchini Japani walichapisha mwaka 1997 vipimo vya fuwele za sodiamu kobalti oksidi. Waliona takriban mikrovolti 100 kwa kelvini katika halijoto ya chumba, na papo hapo ukinzani mdogo kama wa metali duni, jambo ambalo kwa kawaida haliendi pamoja: metali huwa na mikrovolti chache tu. Mwaka 2000 W. Koshibae, K. Tsutsui na S. Maekawa walitoa maelezo yanayonivutia hadi leo. Ioni ya kobalti yenye chaji tatu, elektroni zake zikiwa zimejipanga mbili mbili, ina namna moja tu ya kukaa. Ile yenye chaji nne imepungukiwa elektroni moja, na pengo hilo linaweza kuwa katika obiti yoyote kati ya tatu, na spini ikielekea juu au chini, jumla namna sita. Tundu likihama linabeba wingi huo wa namna, yaani linabeba entropia. Logi asilia ya 6 mara 86.17 ni 154, na hizo ni mikrovolti ambazo fuwele inazipata hata pale ioni za aina mbili zinapolingana idadi, mahali ambapo kanuni ya Heikes peke yake ingetoa sifuri.

Kobalti ya Kilembe na sodiamu ya chumvi ya Ziwa Katwe, zote ziko katika wilaya yako. Sisemi kwamba zitatumika kesho, maana kazi ya kuzisafisha ni ndefu. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Kasese ana haki ya kujua fuwele hiyo imetengenezwa kwa nini.

Mhandisi_Jinja

Swali langu ni la matumizi. Nyumba nyingi hapa Uganda zina sigiri, na joto jingi linapotea pembeni. Oksidi hizi zitachaji simu?

MwalimuGulu

Tufanye hesabu. Chukua jozi moja, mguu wa matundu na mguu wa elektroni, kila mmoja mikrovolti 150. Tofauti ya nyuzi 400 inatoa volti 0.12. Volti 5 zinahitaji jozi 42, na kwa kuwa mzigo unaofaa zaidi huacha nusu ya volteji, ziwe 84. Hilo linawezekana. Tatizo ni kuudumisha ule upande wa baridi. Kinachoamua ubora ni kigezo cha Seebeck kikizidishwa kwa chenyewe, mara upitishaji umeme, mara halijoto, gawa kwa upitishaji joto. Strontiamu titani oksidi iliyotiwa lanthani au niobi ni mguu mzuri wa elektroni kwa upande wa umeme, lakini katika halijoto ya chumba inapitisha takriban wati 11 kwa mita kwa kelvini, hivyo joto linavuka na upande wa baridi unawaka nao. Utando wake wenye niobi asilimia 20 ulipimwa Japani mwaka 2005 ukapata ubora wa 0.37 katika kelvini 1,000, wakati bismuthi telluri hufikia karibu 1 katika halijoto ya chumba. Sifa ya oksidi ni uvumilivu. Bismuthi telluri huyeyuka katika nyuzi 585 na huharibika hewani kabla ya kufika huko, ilhali nikeli oksidi haiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,955, na hewa haiiharibu. Kwa sigiri ya leo mimi ningechagua bismuthi telluri iliyowekwa mbali na makaa. Kwa tanuru la matofali, ningeanza kufikiria oksidi.

FundiMaabara

Nimerudi baada ya siku tisa, kwa sababu umeme ulikatika mara mbili katikati ya uchomaji na ilinibidi kuanza upya kila mara. Safari hii nilivizika vidonge vya lithiamu ndani ya unga wao wenyewe, nikafunika. Pia nilisoma volteji kwa nyaya za themokapo zenyewe: kwanza kwa jozi ya nyaya chanya, kisha kwa jozi ya hasi, nikijua kwamba nyaya hizo zinatofautiana kwa takriban mikrovolti 41 kwa kelvini. Kwa tofauti ya nyuzi 10 nilipata kutoa 2.5 kwa jozi ya kwanza na kutoa 2.9 kwa ya pili. Pengo la 0.4 limenipa imani kwamba tofauti ya halijoto niliyoisoma ndiyo iliyopo kwenye kidonge. Nikiziondoa nyaya zenyewe, yaani kuongeza 22 huku na kupunguza 18 kule, njia zote mbili zinanipa mikrovolti 272 kwa kelvini. Namba imeshuka kutoka 300. Lithiamu imebaki nyingi zaidi kuliko mwanzo, au matundu yaliyonaswa yamepungua. Bado siwezi kuchagua.

Cha kijani sikukigusa tena katika halijoto ya chumba. Nimekiweka ndani ya tanuru, nami nitakipima kuanzia nyuzi 500 kwenda juu, ambako ukinzani wake utakuwa umeshuka chini ya multimita yangu. Mwalimu, niangalie nini?

MwalimuGulu

Pima ukipanda, kisha upime ukishuka, na katika kila halijoto usubiri mpaka namba iache kutembea, hata kama ni saa mbili. Namba za kupanda na za kushuka zikitofautiana, kidonge kilikuwa bado kinabadilishana oksijeni na hewa. Andika na muda wa kusubiri pembeni ya kila namba.

FundiMaabara

Nimewasha leo saa moja asubuhi. Nyuzi 500, nimesubiri dakika 95, bado inatembea.